Pipa la mboji linaponuka, tusilifukuze kiwanjani

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua za wasomaji ili nimjibu, kwa heshima zote, msomaji aliyependekeza hivi karibuni kwamba wakuu wa avenyu za hapa Bukavu wapige marufuku mapipa ya mboji katika viwanja vya makazi, kwa sababu yananuka, yanazaa nzi na kukaribisha panya. Sikatai alichokiona. Yote aliyoyataja yamenipata mimi mwenyewe, tena pengine kuliko yeye, kwa kuwa pipa lililonuka kuliko yote katika avenyu yetu lilikuwa langu. Ninachokataa ni hukumu aliyoitoa. Harufu, nzi na panya si tabia ya mboji. Ni dalili za kasoro ambazo mtu akizifahamu huzitengeneza kwa mchana mmoja, mara nyingi bila kununua chochote.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa biolojia, nakaa Ibanda kwenye mteremko, na bustani yangu haizidi hatua 12 kwa 8: lengalenga (mchicha), vitunguu, nyanya kidogo, na migomba mitatu pembeni. Unaweza kudhani kwamba mtu aliyefundisha habari za bakteria miaka mingi hawezi kushindwa na pipa la maganda. Nilishindwa vizuri sana. Nilichukua pipa la plastiki la lita 200, nikaliweka chini ya ukingo wa paa karibu na jikoni ili wanaopika wasitembee mbali, na kuanzia Septemba tukawa tunatia humo maganda ya viazi na ndizi, mashina ya sombe (majani ya muhogo), mabaki ya ugali, na vipande vya mgomba mmoja nilioukata baada ya kuvuna. Sikutoboa tundu hata moja. Mvua za Novemba zilipokuja, maji ya mabati yakawa yanaingia moja kwa moja chini ya kifuniko, na kufikia katikati ya mwezi jirani yangu, mama mtu mzima asiyependa ugomvi, alisimama kwenye ua akaniita kwa sauti ya chini: «Mwalimu, kuna kitu kimekufa kwako?»

Hakukuwa na kitu kilichokufa. Nilipofungua pipa nilikuta juu maji meusi yenye povu, na chini yake uji wa rangi ya matope uliovutana kama bamia, na harufu ya mayai viza iliyonifanya nirudi nyuma hatua mbili. Nilijua mara moja nimekosea wapi, na ndiyo maana naona aibu kusimulia. Bakteria wanaogeuza maganda kuwa udongo mweusi wanahitaji hewa. Maji yakijaza nafasi zote zilizo kati ya kipande na kipande, hewa haina pa kupita. Wale wapendao hewa hufa au hulala, na nafasi yao huchukuliwa na wengine wasioihitaji, ambao kazi yao ni ya polepole na hutoa ile gesi inayonuka mayai mabovu. Kwa hiyo harufu hiyo, Bwana Mhariri, ni taarifa. Inasema: humu ndani hakuna hewa.

Dawa yake ilichukua asubuhi ya Jumamosi moja. Nilimwaga pipa lote juu ya bati kuukuu, kwa kweli kazi isiyopendeza, nikautandaza ule uji ukapigwa na jua kwa saa chache, nikauchanganya kwa beleshi na magunia mawili ya unga wa mbao niliyopewa bure na fundi seremala, pamoja na mabua makavu ya maharagwe niliyoyavunja kwa mkono yawe mafupi kama kidole. Pipa lenyewe nililitoboa matundu manne kwenye kitako na mengine ishirini hivi ubavuni, kila moja la unene wa kidole gumba, nikaliondoa chini ya paa na kulipandisha juu ya mawe matatu ili maji yapate njia na hewa ipite chini. Tulipolijaza tena, chini kabisa nilianza na tabaka la vijiti vinene. Baada ya siku nne harufu ilikuwa imekwisha, na baada ya wiki moja, nilipotumbukiza mkono katikati, nilisikia joto kama la maji ya kuogea mtoto. Jirani hakusema neno, nami nikaelewa kwamba nimesamehewa.

Kipimo cha unyevu ni rahisi na hakihitaji chombo. Chukua konzi moja kutoka katikati ya pipa, si juu, uikamue kwa nguvu kama unavyokamua nguo. Yakitoka matone mawili au matatu, hali ni nzuri. Maji yakichuruzika, ongeza vikavu na ufungue hewa. Kisipotoka kitu na konzi ikasambaratika ukiiachia, pipa lina kiu. Vitabu husema unyevu uwe asilimia 50 hadi 60, lakini mkono wa mtu aliyezoea haukosei sana.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapopotea. Jikoni kwetu hutoka vibichi tupu. Mgomba uliokatwa, kwa mfano, karibu wote ni maji. Ukiutia ndani mzima ni sawa na kumimina ndoo. Maganda ya viazi na mabaki ya mboga nayo yana naitrojeni nyingi, kaboni kidogo, kama kaboni sehemu 15 au 20 kwa sehemu moja ya naitrojeni; samadi ya kuku iko karibu 10 kwa moja. Lakini wale wadudu wasioonekana hufanya kazi vizuri pale wanapopata kaboni sehemu 25 hadi 30 kwa sehemu moja ya naitrojeni. Pengo hilo huzibwa na vikavu: majani yaliyoanguka, mabua ya mahindi na maharagwe, nyasi zilizokaushwa, katoni isiyo na plastiki iliyochanwachanwa, unga wa mbao. Kanuni ninayoitumia nyumbani ni ndoo moja ya vibichi kwa ndoo mbili za majani makavu. Unga wa mbao, kwa kuwa kaboni yake ni ya mamia kwa moja, nusu ndoo hadi ndoo moja hutosha, la sivyo pipa litalala usingizi mwaka mzima. Unga uliotoka kwenye mbao zilizopakwa dawa ya mchwa au rangi sitaki hata kuuona karibu. Na mgomba siku hizi naukata vipande vyembamba, nauanika siku tatu au nne, ndipo unaingia.

Nikisema migomba, niongeze onyo moja. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba, ule unaotoa usaha wa manjano shina likikatwa na kuiivisha ndizi kabla ya wakati wake huku ndani zimeoza, uliripotiwa Masisi, Kivu ya Kaskazini, mwanzoni mwa miaka ya 2000 na tangu hapo umesumbua sana wakulima wa Kivu. Mgomba wenye dalili hizo usiingie katika pipa dogo la nyumbani, na panga lililoukata lisiguse mgomba mwingine kabla ya kupitishwa motoni.

Shida ya pili niliyojiletea inahusu majivu, na naamini inazikumba nyumba nyingi za mji huu, maana karibu sote tunapikia makala, yaani makaa. Baada ya tukio la Novemba, mtu mmoja wa nyumbani alisikia kwamba majivu hukata harufu, akawa kila asubuhi anamwaga majivu yote ya babula, lile jiko la makala, ndani ya pipa. Nami nilimwona na sikumkataza. Baada ya wiki mbili hivi nilifungua kifuniko nikapigwa na harufu nyingine kabisa, kali, ya kupanda puani na kutoa machozi, kama choo cha watoto wengi wasiomwaga maji. Hiyo ni amonia. Majivu ya kuni na makala ni chokaa kwa tabia yake. Yakizidi, mchanganyiko hupoteza uchachu, na naitrojeni ambayo tungeipeleka kwenye lengalenga inageuka kuwa gesi na kwenda zake angani. Tulikuwa tunafukuza mbolea kwa mikono yetu wenyewe huku tukidhani tunasafisha. Samadi ya kuku ikizidi nayo huleta harufu hiyohiyo, na dawa ni ileile: kugeuza, kuongeza vikavu, na kusubiri siku chache. Majivu siku hizi yanaingia konzi moja kwa wiki, hayazidi. Yaliyobaki nayanyunyiza kwa uchache moja kwa moja juu ya matuta, kwa kuwa udongo wetu mwekundu ni mchachu na huyapokea vizuri.

Kwa hiyo anayelalamikia harufu ya pipa aulizwe kwanza: ni harufu gani? Mayai viza ni maji na ukosefu wa hewa. Amonia ni vibichi, samadi au majivu kupita kiasi. Kumwambia mtu tu kwamba pipa lako linanuka, ni sawa na kumwambia mganga kwamba mwili unauma.

Nzi nao wana maelezo. Wale wadogo wanaoruka kama vumbi pipa likifunguliwa wanafuata maganda matamu ya papai na ndizi yaliyoachwa wazi juu. Kando ya pipa langu kuna kikapu cha majani makavu, na sheria ya nyumba ni kwamba hakuna anayemwaga kitu bila kukifunika kwa unene wa kiganja. Tangu sheria hiyo ianze kufuatwa, sijui kama nimehesabu nzi kumi. Wapo pia funza wakubwa, bapa, wa rangi ya kijivu inayoelekea kahawia, wanaowatisha watu wengi. Hao mara nyingi ni watoto wa nzi askari mweusi, ambaye akishakuwa mkubwa hana haja na chakula chetu wala haingii nyumbani. Wanakula maganda kwa kasi ya ajabu. Kuku wangu wanawapenda mno, nami huwatoa kwa kijiko kirefu na kuwapa, jambo ambalo wajukuu hulitazama kama sinema.

Kuhusu panya sina utani, kwa sababu hapo msomaji aliyeandika ana haki ya kuogopa. Panya haji kwa ajili ya majani ya lengalenga. Anakuja kwa ajili ya vichwa vya sambaza (wale samaki wadogo wa ziwani), mifupa, ugali, wali na mafuta, na mtu anayetia vitu hivyo katika pipa anamwalika kwa jina. Kwangu vimekatazwa kabisa. Mabaki ya ugali huenda kwa kuku, na vichwa vya samaki huliwa na paka wa jirani, ambaye kwa malipo hayo analinda ua wote. Pipa linalokaa juu ya udongo liwekewe wavu wa waya chini wenye matundu madogo, kidole kisipite. Pia ligeuzwe kila wiki, kwa sababu panya hawezi kulea mahali panapotikiswa. Kinyesi cha mbwa na cha paka kisiingie hata kidogo. Hilo ni suala la minyoo na magonjwa.

Katika kiangazi cha Juni hadi Agosti mambo hugeuka, pipa hukauka, sisimizi hujenga ndani, na vitu hubaki vilevile wiki baada ya wiki. Kumwaga maji juu hakusaidii sana, kwa kuwa hupita ubavuni na kutoka chini. Inafaa kugeuza huku ukinyunyiza kidogo kidogo, na maji ya kuoshea mboga au maharagwe yanatosha.

Wengine huniuliza kwa nini pipa lao halipati lile joto la nyuzi 55 hadi 65 linalosimuliwa. Jibu ni kwamba joto hilo linahitaji rundo kubwa, la mita moja kila upande au karibu na hapo, lililojazwa kwa mkupuo. Pipa la lita 200 linalolishwa kidogo kidogo kila siku, katika mji huu ulio juu ya mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, ambao ndio usawa wa ziwa lenyewe, ambako usiku tunavaa sweta, litapata uvuguvugu na kupoa, na si kosa lake. Litachukua miezi minne hadi sita badala ya miwili au mitatu, basi. Hasara moja ni kwamba mbegu hazifi. Mwaka jana tuta langu la vitunguu lilitoa nyanya ambazo hakuna aliyezipanda, nikaziacha, nikazila, na zilikuwa tamu kuliko nilizozipanda kwa makusudi.

Kosa la mwisho ni haraka. Mboji ambayo haijaiva, hasa yenye unga wa mbao mwingi, ikitiwa kwenye tuta huendelea kuoza humo humo na kunyang'anya mimea naitrojeni; majani hugeuka manjano na mwenye bustani hulaumu mbegu. Mboji iliyoiva ni nyeusi, inavunjika mkononi, haina joto, na inanukia kama udongo baada ya mvua ya kwanza. Ukiwa na shaka, ifungie konzi moja yenye unyevu katika mfuko kwa siku tatu. Ukifungua ikanuka vibaya, irudishe. Napenda pia kupanda mbegu chache za lengalenga katika kopo la mboji na kopo lingine la udongo wa kawaida. Zikiota sawasawa, najua kazi imekwisha. Kabla ya kuipeleka bustanini naichekecha kwa wavu, kwa sababu watoto wana mikono: nimewahi kupata vifuniko vya chupa, vipande vya sashe, na siku moja mawe (betri) mawili ya redio yaliyoanza kuvuja, na rundo lile lililoyazunguka nililitupa lote.

Sasa nirudi kwenye pendekezo lenyewe. Tukipiga marufuku mapipa, maganda hayatapotea. Yatarudi kwenye mfuko mmoja na plastiki, mfuko utarudi kwenye mfereji, na mvua itauteremsha kupitia mto Kawa hadi ziwani. Tunajua mwisho wa safari hiyo, kwani kila anayekaa Bukavu ameona au amesikia jinsi takataka zinavyojikusanya mbele ya bwawa la Ruzizi na kuizuia mitambo, kisha tunakaa gizani tukiuliza umeme umekwenda wapi. Nyumba inayotenganisha vibichi hubakiwa na taka kavu na nyepesi ambazo hazinuki na zinaweza kungoja siku ya kuchukuliwa. Na mteremko wetu, ambao kila msimu unapoteza udongo mbele ya macho yetu, unapata kitu cha kushikilia maji badala ya kuyaacha yakimbie.

Kama wakuu wa avenyu wanataka kuweka sheria, waweke hii: pipa liwe na kifuniko na matundu, lisikae chini ya maji ya paa, liwe mbali na ukuta na dirisha la jirani, lisitiwe nyama, samaki wala chakula kilichopikwa, na kando yake pawe na gunia la vikavu. Siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, pamoja na mifereji, mapipa nayo yafunguliwe na kunuswa. Linalonuka, mwenyewe apewe wiki moja alitengeneze, na asipojua njia, aelekezwe na aliye karibu anayejua. Mimi niko tayari kwa avenyu yetu. Beleshi ninalo, na fundi seremala amekubali kutuwekea unga wa mbao kila Ijumaa jioni, ilimradi tuje na magunia yetu.

Jirani yangu, yule aliyeniuliza kama kuna kitu kimekufa, wiki iliyopita aliniomba pipa la zamani lililokuwa limelala nyuma ya nyumba. Nimempelekea jana. Alilizungusha, akalitazama kitako, akauliza matundu ni manne tu au tuongeze, tukaongeza mawili.

Wako katika ujenzi wa mji,
Mwalimu mstaafu,
Ibanda, Bukavu